Kuacha Mshahara kwa Duka la Spea Lenye Jina la Wengine

Meneja wa benki au wa kampuni ya simu anayevuka miaka 40 huanza kupiga hesabu isiyohusiana na kazi aliyoajiriwa: akiba yake, mkopo kidogo na nyumba ya kuweka rehani vikijumlishwa, je, havitoshi kununua haki ya kufungua duka la vipuri vya magari kwa jina la kampuni inayojulikana, akapewa mzigo wa kuanzia, mfumo wa kompyuta na mafunzo? Mpango huo, yaani franchaizi, humvutia mtu wa ofisini kuliko kujitosa peke yake na fremu moja Gerezani, eneo la maduka ya spea jijini Dar es Salaam. Nadhani mvuto huo una msingi, ila wengi huuliza bei ya kununua jina kabla ya kuuliza ni nani atakayenunua spea zenyewe.

Kwamba spea zinahitajika halina ubishi. Magari mengi ya Dar es Salaam na Nairobi yaliingia yakiwa yametumika Japani. Kenya huzuia yaliyozidi miaka 8, Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu, lakini gari likishaingia hutembea miaka mingi zaidi, na Toyota IST yenye bushi zilizokwisha haisubiri uchumi utengemae. Hata Marekani wastani wa umri wa magari umepita miaka 12. Huko Genuine Parts Company ya Atlanta, iliyoanzishwa mwaka 1928, inasambaza spea kwa maelfu ya maduka yenye jina la NAPA, mengi yakiwa mali ya watu binafsi.

Kinachowafaa wenye maduka hayo, kwa maoni yangu, ni ghala lililo nyuma ya jina kuliko jina lenyewe. Biashara ya spea inalaza mtaji. Brekipadi, plagi na filta za oili hutoka kila siku, lakini pampu ya usukani ya modeli moja inaweza kukaa rafuni miaka miwili, na anayeihitaji akiikosa leo hatarudi hata kwa plagi. Kampuni mama yenye ghala la karibu, inayoleta mzigo siku hiyohiyo na kukubali kurudishiwa usiotoka, inamwondolea mwenye duka ugonjwa unaoua wengi. Isiyofanya hivyo inamuuzia kibao cha mlangoni.

Upande wa pili unaonekana kaunta. Nimekaa mara kadhaa kwenye benchi la duka la spea nikisubiri zamu yangu, na tukio ni lilelile: fundi anaingia na boljointi iliyokufa, imeviringishwa kwenye gazeti, anaiweka juu ya kioo.

“Bosi, ya hii ipo?”

“Ipo. Oji au ya kawaida?”

“Ya kawaida. Ila kwenye risiti uniwekee changu.”

Mwenye gari yuko kazini kwake, atatajiwa bei kwa simu. Aliyechagua duka, ubora na bei ni fundi, naye amechagua kwa kufuata cha juu, yaani pesa yake inayoongezwa kwenye bei ya risiti, na mali kauli anayopewa mwezi ukiwa mgumu. Duka la franchaizi, ambalo bei zake zimepangwa na mfumo na kila mauzo yanasomeka makao makuu, haliwezi kumwekea cha juu, na ni vema lisiweze. Lakini mwenye duka ajue kwamba uadilifu huo unampunguzia wateja ambao jirani yake anawapokea kwa mikono miwili.

Wapo wateja wanaoutaka uadilifu huohuo: kampuni za malori, mashirika, kampuni za Arusha zinazobeba watalii kwa Land Cruiser, wote wakidai ankara safi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hawa hulipa kwa kuchelewa, lakini hununua kwa wingi, na aliyeketi miaka 15 kwenye vikao vya manunuzi anajua mlango wa kupitia. Kwa mtu wa namna hiyo franchaizi ina mantiki. Kwa anayetegemea fundi wa mtaani, ningemshauri afungue duka lake mwenyewe, dogo.

Hesabu nayo ina mtego. Mrabaha, yaani ada anayolipwa mwenye jina, kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme duka linauza shilingi milioni 20 kwa mwezi na faida ghafi ni asilimia 25, yaani milioni 5. Mrabaha wa asilimia 5 ni milioni 1, moja ya tano ya faida hiyo, kabla ya kodi ya fremu, mishahara na riba ya benki. Anayeondoka ofisini aongeze na anachokiacha: kwa Tanzania, anayejiuzulu hapati fao la kukosa ajira, kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, na pensheni hudai michango ya miezi 180. Mwenye miezi 170 angoje.

Kisha mkataba. Marekani, muuzaji wa franchaizi analazimika kumpa mnunuzi waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla ya kusaini, pamoja na mawasiliano ya waliotoka karibuni kwenye mfumo huo, ambao ndio watu wa kwanza ningewapigia simu. Afrika Kusini humruhusu mnunuzi kujitoa ndani ya siku 10 za kazi baada ya kusaini. Tanzania na Kenya hazina sheria mahsusi ya biashara hii, hivyo ulinzi wa mnunuzi ni kile alichokidai kiandikwe.

Mimi ningeanzia kurasa za mwisho, zinazohusu siku ya kuachana. Kilemba cha fremu, ile pesa ya kuachiwa eneo, kimelipwa na nani, na mkataba wa pango una jina la nani? Mzigo uliobaki utanunuliwa kwa bei gani? Akizuiwa kuuza spea eneo hilo kwa miaka miwili, atakula nini? Na namba za simu za wateja aliowatafuta mwenyewe, zilizomo kwenye kompyuta ya kampuni, siku hiyo zitakuwa mali ya nani?