Saiwa Hakuna Kitu? Uliingia Saa Ngapi?

Kila likizo ya Desemba malalamiko kuhusu hifadhi ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, Kenya, ni yale yale: "Tulienda Saiwa Swamp, tukalipa kiingilio, hakuna kitu." Muulize mlalamishi aliingia saa ngapi. Saa tano, saa sita, baada ya chai na picha za getini. Mlikuwa wangapi? Ukoo mzima, na spika ya muziki juu. Sasa nzohe, yule swala wa kinamasi (sitatunga), angetoka aje kuwachezea?

Tuelewane. Hifadhi hii ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, na ukubwa wake ni kama kilomita 3 za mraba tu. Ndani hakuna gari, ni miguu. Anayetaka kupitishwa mbele ya faru akiwa ameketi kitini, Mbuga ya Ziwa Nakuru iko.

Nzohe anaishi kwenye matete. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, kwa hivyo hatitii matopeni. Akishtuka sana huingia majini polepole mpaka ibaki pua. Hula alfajiri na jioni; jua likipanda hujilaza katikati ya matete aliyoyakanyaga yakalala, na hapo hata uje na darubini ya jeshi humwoni. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo. Maana yake ulale Kitale au karibu zaidi. Matatu za Kapenguria zitakushusha njia panda ya Kipsaina, kisha ni bodaboda kama kilomita 5 za murram, na huyo wa boda mpange naye jana yake.

Halafu zile njia za mbao. Ukikanyaga ubao kwa kisigino, kishindo kinapita kwenye nguzo hadi majini, na kila mwenye masikio huko mateteni ameshajua umefika. Tanguliza ncha ya mguu, achianeni nafasi, funga mdomo. Asubuhi mbao zina umande na zinateleza, kwa hivyo soli iwe na meno. Kanyaga penye misumari, maana chini yake ndiko kuna boriti.

Ukifika kwenye majukwaa ya kutazamia wanyama, panda lile ambalo jua litakuwa mgongoni mwako, ukae saa nzima. Si dakika kumi! Usikodolee macho katikati ya kinamasi; fuata ukingo, pale matete yanapokutana na nyasi fupi au maji wazi. Upepo huinamisha matete yote pamoja. Ukiona kichaka kimoja kinatikisika peke yake, tuliza darubini hapo usiondoe. Jike ni mwekundu-kahawia, dume ameiva zaidi na ana pembe zilizojipinda.

Karasinga naye, yule tumbili wa De Brazza, watu hupita chini yake wakimtafuta. Akihisi hatari hakimbii, anaganda tuli, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu kuliko subira yako. Tafuta ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa kwenye matawi ya karibu na maji.

Haya, nikubali: unaweza kufanya yote haya na bado usimwone nzohe. Ni mnyama wa porini, hajaajiriwa. Ila mbega na korongo wenye taji ni nadra kukuangusha.

Kinachostahili malalamiko kweli kiko nje ya ua. Watu wanalima hadi ukingo wa mto, wanapanda mikaratusi kwenye chemchemi zinazolisha kinamasi, na tope la mashamba ya mahindi linashuka lote humo. Hilo halipigiwi kelele, kelele ni za kiingilio.

Desemba hadi Februari njia ni kavu. Mvua za Aprili zikianza, murram ile inakuwa uji, na bila gamboti utarudi na kiatu kimoja. Kama kuamka kumekushinda kabisa, ingia saa tisa na nusu alasiri, upande jukwaa moja na ubaki hapo hadi karibu na saa ya kufunga. Beba koti la mvua, kwa sababu Trans Nzoia mvua hupenda saa hizo.