Mboga Isiyo Mmea: Ugumu wa Kuzipanga Dhana Zetu Katika Ontolojia

Swali la "leo mboga ni nini?" likiulizwa nyumbani Dodoma, jibu laweza kuwa mlenda, dagaa au nyama, wala hakuna atakayeshangaa. Neno hilo ni mtihani kwa anayejenga ontolojia, yaani mpangilio wa dhana na mahusiano yake ulioandikwa ili kompyuta iutumie kufikia hitimisho. Akiandika kwamba kila mboga ni mmea, kisha mwenzake akaingiza dagaa chini ya mboga, kompyuta itahitimisha kwamba dagaa ni mmea. Na kama imeelezwa pia kuwa hakuna samaki aliye mmea, itatangaza mgongano.

Wanaotetea ukali huo wana hoja nzito. OWL, lugha ya kuandikia ontolojia iliyopitishwa mwaka 2004 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, imejengwa juu ya mantiki, na kugundua mgongano wa aina hiyo ni sehemu ya faida yake, kwa kuwa kosa huonekana kabla halijamfikia mtumiaji.

Hata hivyo, tafiti za mwanasaikolojia Eleanor Rosch za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba akilini mwa watu baadhi ya ndege ni ndege zaidi kuliko wengine, jambo ambalo mantiki ya ndiyo au hapana hailipi nafasi. SKOS, kiwango cha kupanga istilahi kilichopitishwa na W3C mwaka 2009 na kinachotumiwa na AGROVOC, hazina ya istilahi za kilimo ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), hulegeza kamba kwa kusema tu kwamba dhana hii ni pana kuliko ile. Ulegevu huo una gharama: kosa la dagaa lingepita kimya.

Kwa maoni yangu, ugumu wa mboga hautokani na mipaka yenye ukungu pekee. Watafiti Guarino na Welty, katika OntoClean, mbinu yao ya kukagua ontolojia, walitenganisha kile kitu kilicho daima na kile kinachokuwa kwa muda: mwanafunzi akihitimu hubaki mtu. Vivyo hivyo, dagaa ni samaki daima, ila huwa mboga anapoliwa na ugali. Mlenda unaojiotea katika shamba la mtama ni gugu kwa anayepalilia na ni mboga kwa anayepika, ilhali mmea ni uleule. Kwa hiyo mboga iandikwe kama uhusiano kati ya chakula na ugali, na matawi ya mimea na samaki yabaki na ukali wake.

Lakini mchicha huitwa mboga ungali bustanini, kabla ya ugali kusongwa. Hapo neno lina maana ya pili, na kila moja inastahili kuandikwa peke yake.