Kizidishi cha 1.00 na dhambi kubwa kuliko hiyo

Fungua ripoti ya HDM-4, programu ya kutabiri uchakavu wa barabara, nenda kwenye jedwali la vizidishi vya nyufa, namba za kurekebisha utabiri ulingane na barabara zako: Kcia (lini nyufa zinaanza) 1.00, Kcpa (zinaenea kwa kasi gani) 1.00, yaani hakuna kilichorekebishwa, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukurasa unaofuata unatangaza bila haya mwaka ambao lami itapasuka. Msingi mkubwa wa milinganyo ya programu hiyo ni vipimo vya Brazil vya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni vipimo vizuri, sikatai. Ila lami yako haijui Kireno.

Hata hivyo, aliyeacha 1.00 angalau hajajifanya amepima. Wanaoniudhi zaidi ni wanaokwenda barabarani kutafuta nyufa, wakahesabu vipande vilivyopasuka tu. Tuseme una vipande 20 vya barabara vya muundo na umri mmoja, na modeli inasema vitaanza kupasuka mwaka wa 8. Vipande 8 vilipasuka kwa wastani wa miaka 5. Vile 12 vimefika miaka 9, havina ufa. Mtaalamu wetu anagawanya 5 kwa 8, anapata Kcia 0.63, na bajeti nzima ya matengenezo inawahishwa. Vile 12 vimeenda wapi? Ukivipa miaka 9 tu, wastani unakuwa 7.4 na Kcia 0.93, tena hicho ni kima cha chini, maana bado vinaishi! Tumia uchambuzi wa uhai (survival analysis), mbinu ya takwimu inayokubali data ya kipande ambacho hakijapasuka. Na kagua rekodi za matengenezo: kipande kilichofunikwa lami mpya mwaka jana si kizima, kimefichwa.

Kwa HDM-4, kuanza kupasuka ni nyufa kufikia 0.5% ya eneo la barabara, kwa hiyo pita kwa miguu. Kwenye gari hutaiona.

Mizigo ije kabla ya kugusa Kcia. Kwa kanuni ya kipeo cha nne (madhara hukua kwa uwiano wa mizigo ukipandishwa kipeo cha nne), ekseli ya tani 13 huumiza barabara zaidi ya mara 6 kuliko ekseli sanifu ya tani 8.16. Ukiingiza uzito wa kisheria badala ya wa mizani, kizidishi kitabeba dhambi ya malori, na siku udhibiti ukikaza, utabiri wako utaanguka.

Halafu kata sampuli juu ya ufa wenyewe. Kwenye joto kali, ufa mara nyingi huanzia juu, pale bitumeni ilipokauka kwa jua na hewa. Ukiukuta umeishia milimita chache chini ya uso, kuongeza unene wa tabaka hakutausaidia. Unaohitajika ni muhuri wa lami na kokoto, mapema.