US Open 2026 pale Shinnecock: mi namuona Scheffler, ila wanaompinga wana hoja

Wapenzi wa gofu huku Mtwara na Lindi tupo, wachache lakini tupo, vibandani najua ni Simba na Yanga na Namungo ikicheza kwao Ruangwa, ila kwa hili naanza mapema kabisa. Tarehe 18 hadi 21 Juni 2026 US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, inarudi kwenye uwanja wa Shinnecock Hills, kule Southampton, New York, na safari hii kuna jambo zito maana Scottie Scheffler, namba moja wa dunia, ana Masters mbili, ya 2022 na ya 2024, halafu 2025 akabeba PGA Championship na The Open, yaani amebakiza US Open tu amalize meja zote nne, mashindano manne makubwa kuliko yote ya gofu. Waliomaliza zote nne ni sita tu, Sarazen, Hogan, Player, Nicklaus, Tiger na Rory McIlroy aliyekamilisha kwa kushinda Masters pale Augusta Aprili 2025. Na Jumapili ya fainali, tarehe 21, ndo siku Scheffler anatimiza miaka 30.

Jamaa yangu wa Masasi tukikutana lazima tubishane, yeye anasema Shinnecock haimtambui namba moja wa dunia. Aisee hoja yake ina nguvu. 2018 Dustin Johnson alikuwa namba moja, mpaka Ijumaa jioni anaongoza kwa mikwaju minne, Jumamosi akapiga mikwaju 77, mingi mno maana kwenye gofu mwenye michache ndiye bora, na mwisho wa yote akawa wa tatu, kombe akalichukua Brooks Koepka. 2004 namba moja alikuwa Tiger, hakuwa hata karibu, akashinda Retief Goosen kwa patingi ya hali ya juu, kule kuusukuma mpira taratibu uingie shimoni, na siku ya mwisho grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, zilikauka mpaka ile ya shimo la 7 ikawa inamwagiwa maji watu wakiwa bado wanacheza, hakuna hata mmoja siku hiyo aliyemaliza chini ya kiwango cha uwanja, yaani mikwaju iliyopangwa kumaliza mashimo yote. 1995 ndo kabisa, Corey Pavin ambaye hapigi mbali akamwacha nyuma Greg Norman, mmoja wa vigogo wa wakati huo.

Kinachosumbua pale ni upepo. Upande mmoja Atlantiki, upande mwingine ghuba ya Peconic, kiwanja kipo wazi na nyasi ndefu zimekaa pembeni zinakusubiri. Sisi watu wa pwani kusi la Juni tunalijua, simama Shangani alasiri uone chupa tupu ya maji inavyokimbia mchangani yenyewe, na wavuvi wa Msimbati wanavyosimama kwanza kuiangalia bahari kabla hawajashusha ngalawa. Sasa mpira wa gofu hauzidi gramu 46, ukiupeleka juu upepo unaamua wenyewe utue wapi. Ndo maana Bryson DeChambeau simpi nafasi kubwa, pamoja na kwamba US Open anayo mara mbili, 2020 na 2024, mpira wake unapanda sana na pale Oakmont 2025 hata mchujo wa Ijumaa hakuvuka.

Scheffler ni tofauti, mkwaju wake wa pili, ule wa fimbo za chuma kwenda kwenye grini, ndo silaha yake, anajua mpira utue umbali gani na anaweza kuushusha chini upepo usiuchukue. Tazama na rekodi yake ya US Open: 2021 wa saba, 2022 wa pili kwa tofauti ya mkwaju mmoja, 2023 wa tatu, 2025 wa saba tena. Huyo mtu anabisha hodi kila mwaka.

Ila 2024 pale Pinehurst alimaliza wa 41, na hapa ndo jamaa wa Masasi ananibana kweli, kwa sababu grini za Pinehurst na za Shinnecock zina tabia moja, mpira ukitua vibaya kidogo unateleza wote unatoka nje, halafu unaanza kuhangaika na pati za kuokoa. Patingi ndo ilimtesa sana 2023 mpaka akabadilisha fimbo ya patingi mwaka uliofuata. Kwa hiyo likija lile joto la kukausha grini, hofu yangu ni hapo na si kwingine.

Lakini hiyo ya Johnson 2018 tuisome vizuri. Jumamosi ile Daniel Berger na Tony Finau waliotoka asubuhi walipiga 66 kila mmoja, walikuwa nyuma kwa mikwaju 11 wakajikuta Jumapili wapo kundi la mwisho, lile la wanaoongoza, wakati waliotoka mchana waliteseka mpaka USGA wenyewe, chama cha gofu cha Marekani kinachoandaa mashindano haya, wakakiri grini zilizidi ukali. Johnson aliponzwa na saa ya kuanza zaidi ya hiyo namba moja yake. Sawa, saa hiyo inaweza kumwangukia na Scheffler, siwezi kulikataa hilo.

Rory simsahau, US Open anayo ya 2011, ila hapo hapo Shinnecock 2018 alianza na 80 akaenda nyumbani Ijumaa. Wa kumwangalia kwa jicho la pembeni ni Tommy Fleetwood, mtoto wa Southport, pwani ya Uingereza, upepo amekua nao, na 2018 siku ya mwisho alipiga 63 akakosa kombe kwa mkwaju mmoja tu, inaniuma mpaka leo.

Basi msimamo wangu: Scheffler bingwa, Fleetwood wa pili, Rory ndani ya kumi bora. Mshindi namuona chini ya kiwango kwa mikwaju miwili au mitatu, na fainali kwa saa zetu inaisha usiku mkubwa kama saa nane hivi, Jumatatu tutaenda kazini hivyo hivyo.