Huku mtoto anaomba chuo kabla hajamaliza kusoma, na mimi hilo silielewi

Jana saa sita usiku binti yangu bado yuko mezani, upande huu maswali ya Kemestri, upande ule insha ya chuo ya maneno 650, dedilaini tarehe 1 Novemba, na asubuhi ana jaribio la Hesabu. Yuko darasa la 12 hapa Houston, Marekani, ana masomo manne ya AP, yale ya kiwango cha chuo wanayosomea humuhumu sekondari. Nikamwambia kalale, akasema mama nikilala nani ataniandikia. Nimeamka na hasira.

Hebu angalieni. Mitihani ya AP ni Mei, Form Six nyumbani Tanzania Mei. Matokeo ya AP Julai, ya NECTA, baraza letu la mitihani, Julai. Miezi ni ileile kabisa! Ila nyumbani ukimaliza pepa umemaliza, wengine JKT, wengine kwa bibi, matokeo yakitoka unajua una nini mkononi ndo unaomba chuo. Huku maombi yanaanza Agosti mpaka Januari huko, na ikifika tarehe 1 Mei vyuo vingi vinataka jibu mtoto anaenda wapi, wakati mtihani wa mwaka huo hata hajaufanya. Wanachoangalia ni maksi za darasani, na za muhula huuhuu wa kuhangaika na maombi nazo zinatumwa chuoni, na hata ukishapewa nafasi ukizembea wanaweza kuichukua. Sasa mtoto apumue saa ngapi?

Najua wapo watakaosema huyu mama kashazoea umeme usiokatika anatafuta cha kulalamikia, mtoto ana laptop yake, ana maji ya moto, sisi tulisoma kwa koroboi. Na mimi nilisoma kwa koroboi jamani, PCB, bweni, maharage yenye wadudu, kukesha nakujua. Sijasema tulikuwa na raha. Nasema tulikesha kwa ajili ya kitu kimoja.

Na msidhani naisifia NECTA. Kuna watoto wamesoma vizuri miaka miwili, siku ya pepa ya Baiolojia malaria imempiga, basi, prinsipo mbili, zile alama za ufaulu za kuingilia chuo, hazikutimia na hakuna wa kumuuliza ilikuwaje. Hilo linaniuma mpaka leo, maana nimewaona, tulikaa nao dawati moja.

Huku wanauliza, nawapa haki yao. Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kuna sehemu ya shughuli, nafasi 10, kila moja unaieleza kwa herufi 150 tu, na kulea wadogo zako nyumbani nako kunahesabika. Binti yangu alitaka kuiacha, anaona kumpokea mdogo wake kwenye basi la shule na kumpikia si kitu mbele ya wenzake wenye mashindano ya roboti. Nikamwambia andika hiyo, tena iweke juu. Mimi nimebeba ndoo kichwani sekondari nzima na hakuna chuo kilichowahi kutaka kujua.

Kwa hiyo mkitaka msimamo wangu, huko kuuliza kwao kuje kwetu, na matokeo kwanza maombi baadaye kwetu kuje huku. Anayesema najifanya mjuaji kwa sababu nimepanda ndege aseme, ila kwanza anijibu, mtoto wa miaka 17 akipewa mzigo mmoja kwa wakati mmoja nani anapata hasara?

Na nyie wazazi wenzangu wa huku, hiyo tabia ya kukutana kwenye harusi na kuulizana wako ana AP ngapi muiache, mtoto anaongezewa somo la sita ili baba apate cha kusema. Manne yanatosha, matatu yanatosha. FAFSA nayo, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, msimwachie peke yake, inataka mapato yenu nyie, kaeni naye mezani na makaratasi ya kodi mkononi mmalize usiku mmoja, yeye arudi kwenye Kemestri yake.