Karata Tisa, Moja si Yangu

Kwenye baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, pesa haikai mezani. Mwenye nyumba ni mtu wa msikitini na alitwambia mapema: karata chezeni mpaka usingizi uwachukue, kamari ipelekeni kwenu. Basi tulipoanza kujifunza poka, ile ya Texas Hold'em (kila mtu karata mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani kidogo kidogo, mwenye mseto bora wa tano ndiye mshindi), tukaazima kete za bao. Bao zima lina kete 64. Tuko wanne, kila mtu 16.

Juzi baada ya Isha, raundi ya kwanza kabisa, kila mmoja akaweka 4. Mkononi nina ree na kumi, zote shupaza. Zikafunuliwa tatu za mezani: mfalme wa shupaza, saba ya shupaza, nne ya kopa. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, akasukuma kete zake zote 12 katikati bila neno, akarudi kwenye kashata yake. Wawili wakatupa karata. Nikabaki mimi.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Nasaka shupaza tano. Shupaza ziko 13, nazijua 4, zimebaki 9. Karata nisizoziona ni 47, na zinakuja mbili. Wachezaji wana njia ya mkato: zile 9 zizidishe kwa 4 kama bado karata mbili, kwa 2 kama imebaki moja. Nikapata 36. Ukiipiga sawasawa inatoka 35 kwa mia. Bei je? Natoa 12 kugombea 28 zilizokwisha lala pale, yaani 12 katika 40, asilimia 30. Nafasi imezidi bei. Nikaingia.

Karata ya nne: nne ya shupaza. Nilisimama kabisa, kikombe cha kahawa kikamwagika. Shupaza tano! Mzee akameza kashata kwanza, ndipo akafunua saba mbili. Pamoja na ile ya mezani, saba tatu. Na nne zimekuwa mbili. Saba tatu na nne mbili zinakula shupaza tano. Karata ya mwisho sikuiangalia hata ilikuwa nini.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na masomo ya poka ya mtandaoni. Yanakukabidhi kuzidisha kwa 4 kana kwamba kazi imekwisha. Zile tisa nilizozihesabu zilikuwa tisa kwenye kichwa changu tu. Mbele ya saba tatu, nne ya shupaza ni karata ya mzee, haijawahi kuwa yangu. Zangu zilikuwa nane. Tena hata ikija nzuri, bado karata inayofuata yaweza kurudia moja ya zile za mezani ikanizika. Nilikaa siku iliyofuata na kalamu: nafasi yangu halisi ilikuwa kama 26 kwa mia, chini ya bei. Lakini angekuwa na mfalme na kikorokoro kingine kisichonidhuru, ree tatu zilizobaki nazo zingekuwa zangu. Hapo zinakuwa 12, karibu 45 kwa mia. Karata zangu zilezile, meza ileile. Kilichobadilika ni kilichomo mkononi mwa mwenzangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "nina nafasi gani?" siku hizi namjibu: mbele ya nani? Hata ree mbili, zinazotia watu wazimu, mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 kwa 100. Mbele ya wanane waliong'ang'ania wote mpaka mwisho hushuka hadi 35 hivi.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili barazani tunalijua. Kwenye arbastini, karata zetu za turufu, hakuna mzee anayeangalia karata zake peke yake. Anajua turufu ngapi zimetoka, nani alisita kabla ya kutupa uru, nani amebana kitu tangu mwanzo. Tukija kwenye poka, kwa kuwa imekuja na asilimia, akili hiyo tunaiacha chini pamoja na viatu. Mimi yule mzee namjua miaka. Hajawahi kuweka kete zote bila kutania kwanza, labda awe amebeba kitu. Ukimya ule nao ulikuwa hesabu, nami sikuuingiza popote.

Jana tumekaa tena. Mezani malkia wawili na tano. Mimi nina ree na tisa, hazina undugu. Mzee akasukuma 12. Safari hii akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, kahawa ya leo huimwagi?" Nikahesabu, nikamtazama, nikahesabu tena, nikatupa karata. Akazikusanya zake kifudifudi, akaanza kuchanganya.