Andazi Lenye Bata

Mwenye nyumba wangu hapa Columbus, Ohio, ni mzee wa miaka themanini hivi, na kila kiangazi hutandaza vyombo vyake vya zamani mbele ya gereji akaviuza. Mwaka huo nikamwomba nikae pembeni na beseni langu la maandazi. Akakubali, tena akaniambia karatasi za kufungia nitazikuta gerejini, boksi la kushoto.

Kushoto kwa nani, hakusema. Yeye alikuwa amesimama nje anatazama ndani. Mimi nilikuwa ndani natazama nje.

Boksi nililobeba lilijaa vijitabu vya katuni, karatasi yake ile ile ya gazeti, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bata, bata, bata. Juu yake pakiti ya mifuko myembamba ya plastiki, mipya kabisa, na vipande vya kadibodi. Nikamshukuru mzee kimoyomoyo: kanifikiria hadi mifuko! Mtu aliyekulia uswahilini haoni ajabu andazi kufungwa na maandishi. Sisi karanga tulifungiwa kwa daftari za shule. Unamaliza karanga, unaanza kusahihisha hesabu za mtoto wa watu.

Biashara ikachangamka. Nachana ukurasa, naviringisha, natumbukiza kwenye mfuko, lete dola. Bwana mmoja mwenye kofia akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akanunua manane papo hapo bila kuonja hata moja. Nikajua nimepata mteja wa kudumu.

Saa tano mzee akaja na kahawa yake. Nikampa andazi la bure, la moto. Akafungua, akauma, akasoma. Taya likasimama.

"Kijana," akasema polepole, "huyu ni Scrooge."

Nikachungulia. Kweli, yule bata bahili wa miwani na kofia ndefu, anaogelea kwenye hela zake. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka picha za nyuma zinaonekana mbele, na wale majambazi wa Beagle Boys, na vibarakoa vyao na namba za jela kifuani, wakawa wanaogelea naye.

"Anafaidi, Mzee," nikasema.

Akakaa chini. Ndipo nikapigwa darsa. Bata yule alibuniwa na Carl Barks, 1947. Kijitabu chake mwenyewe cha kwanza kilitoka 1952, bei senti 10, na mzee alikinunua kwa hela ya kuwakatia majirani majani. Siku zile jina la mchoraji halikuandikwa popote. Watoto walimtambua kwa mkono wake tu, wakamwita yule mchoraji mzuri wa bata. Leo nakala safi huuzwa kwa maelfu ya dola.

"Yangu haikuwa safi sana," akasema. Akaitazama tena. "Ila ilikuwa safi kuliko hivi."

Na ile mifuko? Aliinunua jana yake, avihifadhi vijitabu vyake.

Nikatoka mbio kumtafuta bwana wa kofia. Gari lake lilishakata kona zamani. Tulipohesabu, nilikuwa nimechana vijitabu viwili. Vilivyobaki viliokolewa na uchache wa wateja. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili. Mzee wala hakuwa ananisikiliza. Alikuwa analigeuzageuza andazi juani kama sonara.

Wino ulikuwa umehamia. Ubavuni mwa andazi, kofia hadi miwani, alikuwapo Scrooge, mdomo umeelekea upande wa pili. Pembeni yake palikuwa na alama ya meno.

"Umebaki mfuko?"

"Mmoja, Mzee."

Akalitia andazi humo taratibu, akaweka kadibodi nyuma, akafunga kwa utepe. Kisha akaomba kalamu, akaandika juu: *1952. Hali nzuri. Limeumwa mara moja.*